Kiboko Aliyechukua Nusu ya Chini

Paukwa?
Pakawa.
Bawa likawa?
Likawa dogo.
Tumbo likawa?
Likawa kubwa kuliko bawa.
Haya, sogeeni. Mwenye kutafuna atafune polepole, nami nisikike.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana petroli ilikwisha kuingia duniani, palikuwa na Mbuni. Mbuni ana mabawa, mnajua, ila mabawa yake hayamsikii. Akiyapiga, vumbi linaruka, yeye anabaki. Ndege wenzake walipopita juu walimcheka, na Mbuni akachoka kuchekwa. Akaokota mabati huku, magurudumu kule, na injini iliyotupwa na wenyewe. Akagonga, kong kong kong. Msimu mzima akagonga, kong kong kong, mpaka akaunda ndege ya kuruka na watu. Ilikuwa ndogo, viti viwili tu na upenyo wa mizigo nyuma. Shingo yake haikuenea ndani, basi akatoboa paa, kichwa kikakaa nje kimevaa miwani ya vumbi.

Jirani yake alikuwa Nguchiro, mnyama mdogo, mwembamba, mwenye mkia mrefu na ulimi mrefu kuliko mkia. Nguchiro alikuwa na mama yake ng'ambo ya Nyika Kavu, nchi ya mawe na miiba ambako hata mbu husafiri na maji yake. Siku moja mbayuwayu wakaleta salamu.

"Mama yako anasema macho yake yanafifia. Anataka akuone angali anaona."

Nguchiro hakula siku ile. Akaenda kwa Mbuni.

"Dada Mbuni, ndege yako yafika ng'ambo ya Nyika?"

"Yafika. Lakini ina kiu kama mlevi. Tukiruka hivi hivi itakauka katikati, na katikati hakuna mtu wa kutuokota."

"Sasa tufanyeje?"

"Tupange," akasema Mbuni.

Wakapanga. Mbuni alichora Nyika nzima mchangani kwa ukucha. Hapa pana mlima, tuuzunguke, upepo wake una hasira. Hapa pana bonde, asubuhi lina ukungu, tungoje upande. Hapa ni Mawe Meupe, ardhi ngumu na tambarare, tutatua tuinyweshe ndege. Kutoka Mawe Meupe mpaka kwa mama yako, hakuna tena pa kutua.

Ngamia alikuwa anaelekea kule kuoa. Wakamwomba awachukulie pipa moja la petroli, aliache Mawe Meupe. Ngamia akasema sawa, bwana harusi haendi mikono mitupu.

Kisha wakaanza kupima mizigo. Mbuni alitundika mizani ya ndoano kwenye mti, na kila kitu kikapita hapo.

"Sufuria hizi za nini?"

"Za mama."

"Achukue moja. Na hiki kinu?"

"Mama anapenda kinu."

"Kinu kibaki. Ndege nyepesi hairuki na kinu. Haya, panda na wewe."

Nguchiro akaning'inia ndoanoni. Mbuni akasoma mizani, akasema, "Mkia nao umezidi," lakini hapo alikuwa anatania.

Sasa, pa kurukia palikuwa mahali pamoja tu, ule uwanja mrefu wa majani kando ya mto. Na majani yale yalikuwa malisho ya Kiboko.

Tindi, tindi, tindi. Kiboko huyo akatoka majini.

"Mnafanya nini kwenye majani yangu?"

"Shikamoo, Mzee Kiboko," akasema Nguchiro. "Tunapanga safari."

"Marahaba. Nami nakwenda."

"Mzee, viti ni viwili tu."

"Basi kimoja changu, na kingine changu pia. Ninyi mtajibanza. Kubwa kwangu, dogo kwenu, ndivyo tunavyoishi hapa mtoni."

Akashika ndoano ya mizani ajipime. Kwaa, ndoano ikanyooka kama sindano, tawi likaja chini.

"Mizani yenu mbovu."

Akakanyaga ndani ya ndege kwa mguu mmoja. Psssss, gurudumu likalala.

"Gurudumu lenu bovu."

Akaona mihogo yao ya safari, akaila yote pamoja na kikapu.

"Kikapu chenu kigumu," akasema. "Sasa sikilizeni. Nisipokwenda mimi, haendi mtu. Nitakuja nijilaze juu ya hii ndege yenu niione itarukaje."

Akarudi majini. Mbuni akakaa chini, akaanza kuziba gurudumu. Nguchiro naye akakaa kando yake, akiutazama mto alimoingia yule ambaye angemtandika kama angemweza. Hakumweza. Kiboko hapigwi na nguchiro, wala hasukumwi na mbuni. Jua likapanda, likashuka. Jioni Nguchiro akajikung'uta vumbi, akaenda ukingoni mwa mto.

"Mzee Kiboko, tumekukosea. Safari ni mali, na mali hugawanywa. Safari ya ndege ina nusu mbili, nusu ya juu na nusu ya chini. Chagua wewe kwanza, sisi tutachukua itakayobaki."

Masikio ya Kiboko yakacheza. "Juu kuna nini?"

"Hewa."

"Inaliwa?"

"Hailiwi."

"Inanyweka?"

"Hainyweki, Mzee."

"Na chini?"

"Chini kuna kila tutakachopita. Majani, mabonde, mashamba ya watu. Nchi yote hadi kwa mama."

"Kubwa ni ipi?"

"Mimi mdogo nitaijuaje? Wewe ndiye mwenye jicho la mali."

Kiboko akacheka hata maji yakapanda ukingoni. "Chini yangu. Yote. Kubwa kwangu, dogo kwenu."

"Umetumaliza, Mzee," akasema Nguchiro, akageuka taratibu asionekane uso wake.

"We mdogo. Rudi." Kiboko alikuwa anatoka majini. "Nasikia Ngamia amewapelekea pipa la petroli Mawe Meupe. Pipa hilo liko juu, au liko chini?"

Mkia wa Nguchiro ukalala. Hilo hakuliwaza.

"Liko chini, Mzee."

"Basi nalo langu. Nakwenda kulipokea."

Akaondoka saa ile ile, akifuata mto uliokauka, kidimbwi hadi kidimbwi, tindi, tindi, tindi, mpaka vishindo vikapotea.

Nguchiro akarudi akamweleza Mbuni yote. Mbuni alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umetupatia kiwanja," akasema, "ukatunyang'anya petroli."

"Ndiyo, dada."

"Tukifika Mawe Meupe bila petroli, hatuendi mbele wala haturudi nyuma. Tutakuwa mifupa yenye mpango mzuri."

"Najua."

"Na bado wataka twende."

"Macho ya mama hayanisubiri, dada."

Mbuni akafuta miwani yake kwa manyoya, akaivaa. "Tutaondoka gurudumu likishika gundi," akasema.

Siku ya tatu likashika. Wakapanda. Mbuni akawasha. Pa. Pa-pa. Pa-pa-pa-ngurrrrr. Majani yakalala, ndege ikakimbia, ikaruka kidogo, ikagusa, ikaruka tena, vuuuu, ikakaa juu. Korongo mmoja aliyekuwa akipita alimwona Mbuni angani, akasahau kupiga mabawa, akaenda kuangukia mgombani.

Wakauzunguka mlima wenye hasira. Wakangoja ukungu wa bonde upande. Yote yalikwenda kama yalivyochorwa mchangani, na petroli ikaenda ikipungua, mpaka Mbuni alipogonga tangi kwa mdomo likaitika kama debe tupu. Mbele wakaona ardhi nyeupe, na juu yake doa moja jeusi.

Wakatua. Doa lilikuwa Kiboko, amelikalia pipa.

Alikuwa katika hali mbaya. Mawe Meupe hapana kivuli wala kidimbwi, na jua la kule halina haya. Ngozi ilikuwa imempasuka kama tope la kiangazi. Midomo imekauka, masikio yameanguka. Hata hivyo alilikalia pipa kama kuku aliyeatamia.

"Langu," akasema kabla hawajamwamkia.

"Lako, Mzee. Nani amekataa?" akasema Nguchiro. "Pipa ni lako, vumbi ni lako, na hili jua lililokwisha kufika chini nadhani nalo ni lako."

Mbuni alikuwa anaigeuza ndege ili aizime. Mkia ukamwelekea Kiboko, na upepo wa pangaboi ukampitia mwili mzima, vuuuu. Kiboko akafumba macho. Akatoa mguno mdogo, kama mtoto aliyepakwa mafuta. Mbuni akazima, upepo ukafa.

"Ule upepo umekwenda wapi?" akauliza Kiboko.

Nguchiro alikuwa ameusikia ule mguno. Akatembea polepole mpaka kwenye kivuli cha bawa, akaketi.

"Upepo ni kitu cha juu, Mzee. Ni wa nusu yetu. Lakini wewe ni mkubwa wetu, tungekupa bure. Bahati mbaya injini ina njaa."

"Inakula nini?"

"Hicho ulichokalia."

Kiboko akafikiri. Jua likampiga mgongoni likimsaidia kufikiri.

"Kidogo tu," akasema.

Akalizibua pipa kwa meno, Nguchiro akashika mdomo wa tangi, Kiboko akamimina. Glu. Mbuni akawasha, pa-pa-pa-ngurrrrr, upepo ukaja, Kiboko akafumba macho. Mbuni akazima.

"Mbona imekoma?"

"Imekula kidogo, imevuma kidogo."

"Ongeza," akasema Kiboko. Glu glu. Pa-pa-pa-ngurrrrr. Upepo ukaja, upepo ukakoma.

"Mnanibania."

"Hatukubanii, Mzee. Wewe ndiye unayemimina. Sisi tungekuwa na pipa, tungemimina kama watu wakubwa."

Hapo Kiboko alikasirika. Tangu azaliwe hajaambiwa kwamba anamimina kama mtu mdogo. Akalibeba pipa zima mdomoni, akaliinamisha kwenye tangi, glu glu glu glu glu, mpaka likalia tupu. Akalitupa, kong'ooo.

"Kubwa kwangu," akasema. "Nipeni upepo wote."

"Simama nyuma ya mkia, Mzee, ndipo unapovuma zaidi," akasema Nguchiro, akapanda kiti chake na kufunga mkanda.

Mbuni akawasha. Safari hii hakuzima. Ngurrrrr. Kiboko akafumba macho, mdomo umening'inia kwa raha. Ndege ikasogea kidogo. Kiboko akaona upepo unapungua, akausogelea, macho amefumba. Tindi. Ndege ikasogea tena. Tindi, tindi. Ndege ikatembea, Kiboko akatembea. Ndege ikakimbia, Kiboko akakimbia, tinditinditindi, amefumba macho, anachekelea. Halafu upepo ukapanda juu na kumwacha.

Akafumbua macho. Mbele yake palikuwa na ardhi. Kushoto ardhi, kulia ardhi, nyuma ardhi. Yote yake.

Wale wawili walifika kwa mama jua likiwa bado jeupe. Bibi kizee alitoka nje kwa kupapasa, akamshika Nguchiro usoni, akamsogeza karibu sana, akamtazama.

"Umekonda," akasema.

"Ni safari, mama."

"Sufuria umeleta moja tu." Akamgeukia Mbuni. "Na wewe mwanangu, mmekula wapi njiani?"

"Hatukula, mama. Mihogo yetu iliingiliwa."

"Basi ingieni ndani," akasema, akamshika kila mmoja mkono, na muda wote wa chakula hakumwondolea mwanawe macho, maana kilichobaki machoni alitaka akitumie pale.

Kiboko je? Ngamia alipita na bibi harusi wake, akamkuta. Wakamwongoza hadi mtoni, wakipumzika kwenye kila kidimbwi. Mpaka leo hukaa majini pua tu ziko nje, na kila apitaye humwambia kwamba Nyika Kavu nzima ni mali yake. Watu humjibu kwa heshima, "Hongera, Mzee." Hakuna hata mmoja aliyempinga, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyeitaka.

Funzo la ngano hii ni jepesi, wekeni moyoni. Mkubwa akitaka kitu, mwacheni achague kwanza, mpeni kwa moyo mweupe, na msifanye ujanja hata chembe. Tazameni Nguchiro alivyokuwa mtoto mwema, akamgawia Kiboko dunia nzima, yeye akaridhika na hewa tupu.

Ngano yangu imetua. Iliyompendeza aipande aende nayo kwao. Iliyomchosha ashuke hapa hapa, atembee.