Kakakuona Alipofunua Tumbo

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona waliokaa nyuma wanaitika kama hawajala? Paukwa!

— Pakawa!

Haya, hadithi hiyo inakuja, ipisheni njia. Na uongo ukifuatana nayo, upeni nao mkeka ukae.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema kama sisi, tena kutushinda, palikuwa na nchi kavu yenye chemchemi moja tu. Wanyama wote walikunywa hapo. Fisi nao walijua, wakawa wanakuja kuvizia wanaokunywa.

Basi nungunungu wakapewa ulinzi. Nungunungu mnamjua: akitikisa mgongo, mwiba unaruka. Lakini mwiba ukisharuka haurudi. Kwa hiyo wanyama wakakubaliana: mlinzi akirusha mwiba na roho ikatoka, Kakakuona apime, aseme kama mlinzi ana kosa au hana. Na tena wakasema: aliyekufa akiwa adui wa chemchemi haliliwi.

Siku moja, jua linachomoza, mwiba uliruka. Ulimpata Chepesi, mwana wa Mama Ngiri, akafa palepale ukingoni.

Mlinzi wa zamu aliitwa Kichomi. Akasema, "Alinijia mbio na meno yake yale. Nilijitetea."

Nungunungu wenzake wakauchukua ule mwiba, wakauosha hadi ukang'aa, wakampelekea Kakakuona shimoni kwake.

Sasa Kakakuona alikuwa na desturi yake. Akitaka kupima jambo, hujikunja. Anaingiza kichwa, anaingiza mkia, anabaki mviringo wa magamba matupu, na jambo limo humo ndani pamoja naye. "Nikijikunja," alizoea kusema, "siwasikii wa huku wala siwasikii wa kule. Napima kwa haki." Na kweli, hakuwa mla rushwa. Hata mchwa mmoja wa kupewa hakumla.

Akajikunja. Akakaa. Akakunjuka. Akapanda juu ya kichuguu, akasema, "Kichomi hana kosa."

Wanyama wakaguna. Mmh! Guneni nanyi, niwasikie.

— Mmh!

Enhe, hivyo hivyo. Kisha wakaimba:

*Gamba na mwiba, mgongo mmoja!*
*Kilicho tumboni, nani akijua?*

Kakakuona akarudi nyumbani anajiuliza. Mguno ule ulimwingia sikioni ukagoma kutoka. "Nimesema kweli," akawaza. "Kweli inagunwaje? Labda hawakusikia vizuri."

Kesho yake akamwita Hondohondo. "Wewe Mungu kakupa mdomo. Nenda ukawatangazie."

Hondohondo akapiga kelele mpaka ndege wengine wakahama mti. "Kichomi hana kosa! Kichomi hana kosaaa!" Wanyama wakageuza migongo wakaenda zao, wanaimba:

*Gamba na mwiba, mgongo mmoja!*
*Kilicho tumboni, nani akijua?*

Wakaihama chemchemi. Wakawa wanakunywa matope ya bondeni, na watoto wakaanza kuumwa matumbo.

Kakakuona hakula siku hiyo. Ajabu hii! Watu waache maji safi wanywe matope, kwa sababu ya neno lake? Alitaka kujua. Na anayetaka kujua hamtumi Hondohondo. Akaenda mwenyewe, mguu kwa mguu, mpaka kwa Mama Ngiri.

"Hodi hapa."

"Karibu, kama ni kwa heri."

Alimkuta ameketi mlangoni, macho makavu, taya limekaza. Kakakuona akasema, "Pole kwa msiba, mama."

"Msiba gani?" Mama Ngiri akamtazama. "Si umesema mlinzi hana kosa? Basi mwanangu ndiye adui. Na adui haliliwi. Mimi sina msiba, bwana. Nina kitu kimenikaa hapa kooni, hakipandi wala hakishuki."

Kakakuona moyo ukamwuma. Alikuwa amesema neno moja juu ya kichuguu, asijue kwamba kwenye nyumba hii neno hilo lilimfunga mama mdomo.

"Nilipima kwa haki," akasema polepole.

"Labda. Mimi sikuona. Nilichoona ni magamba. Mlinzi ana miiba mgongoni, nawe una magamba mgongoni. Ule mwiba ulioupima, nani alikuletea?"

"Walinzi."

"Chemchemini ulifika?"

"Sikufika."

"Na kwetu sisi, ulimwuliza nani?"

"Sikumwuliza mtu."

"Sasa ulipima nini humo ndani?"

Mnaijua haya ninyi? Kakakuona aliijua siku hiyo. Alitamani kujikunja. Hakujikunja.

"Nifanye nini, mama?"

"Sikuombi useme mwanangu alikuwa mwema. Huenda alikosa, sikuwepo. Nakuomba utazame, na mimi nikutazame ukitazama."

Asubuhi Kakakuona akawaita wote chemchemini, wenye mapembe, wenye mabawa na walinzi. Wakubwa wa nungunungu wakaja wamevimba.

"We mzee, unatuvua nguo? Wewe si mwenzetu?"

"Si mwenzenu," akasema Kakakuona, "wala si mwenzao. Kaeni nanyi mtazame."

Halafu akafanya jambo ambalo hakuna kakakuona aliyepata kulifanya mbele za watu. Aliketi, akafungua mikono, akafunua tumbo. Na tumbo la kakakuona halina gamba hata moja. Ni laini, kila mwenye jino analiweza. Akauweka mwiba chini, mahali pa kuonekana na wote.

"Ninachojua ni hiki. Mwiba ulimpata Chepesi kisogoni, walinzi wenyewe waliniambia. Nilidhani aligeuka. Nisichojua ni kama alikuwa anamjia mlinzi au alikuwa anakunywa. Nilipaswa kuuliza, sikuuliza. Aliyeona, aseme."

Upepo ukapita. Kisha majani yakatikisika, akatoka Kwale, mdogo, rangi ya vumbi.

"Mimi niliona. Kiota changu ni hapo."

"Siku zote hizi, mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani, mzee wangu? Nilikuja kwako. Nikawakuta nungunungu mlangoni, na ndani mpira wa magamba. Mpira una masikio?"

Watu wakacheka, na Kakakuona naye akacheka kidogo, ingawa neno lile lilimchoma.

Kwale akaendelea, "Yule mtoto alikuwa amepiga magoti, anakunywa. Ngiri si hupiga magoti? Mwiba ukamjia kwa nyuma."

"Twende tukatazame," akasema Kakakuona.

Tangu siku ile hakuna aliyekanyaga upande ule, na tope lilikuwa limekauka kama kigae. Wakaona alama mbili za duara, moja kando ya nyingine, zimeelekea majini. Kakakuona akamwomba mjomba wa Chepesi apige magoti pembeni, penye tope bichi. Mjomba akapiga, akainuka. Alama zikawa zilezile.

Macho yote yakamgeukia Kichomi. Miiba yake ikawa inagongana, cha cha cha.

"Nilikuwa nimesinzia," akasema. "Nikasikia maji yanalia, nikashtuka, nikadhani fisi. Nilirusha kabla ya kutazama. Nilipoona ni mtoto, nikaogopa kusema."

Kakakuona akapanda kichuguu kwa mara nyingine. "Nilisema Kichomi hana kosa. Nilikosea. Ana kosa. Chepesi hakuwa adui wa chemchemi. Alikuwa na kiu tu."

Ndipo Mama Ngiri akalia. Alilia kwa sauti, mwanangu ee, mwanangu ee, kile kitu cha kooni kikatoka chote. Wanyama wakalia naye, hata nungunungu wengine wakalia, na matanga ya Chepesi yakawekwa siku hiyohiyo. Kichomi akavuliwa ulinzi.

Mvua zikaja, zikapita. Siku nyingine mwiba ukaruka tena, akafa fisi mmoja. Kakakuona akaenda palepale, akatazama mchana kweupe, ndugu za fisi wamesimama kando yake. Akauliza wa huku, akauliza wa kule. Mwishowe akasema, "Safari hii mlinzi hana kosa."

Ndugu wa fisi wakaanza kuguna. Mmh! Mama Ngiri akasimama katikati ya watu.

"Mnamgunia nini? Mwanangu aliuawa na mlinzi, nami siwapendi walinzi mpaka leo. Lakini huyu nimemwona akitazama."

Mguno ukaishia mdomoni. Watu wakarudi kunywa, wanaimba. Imbeni nami, nimechoka kuimba peke yangu:

*Gamba na mwiba, migongo miwili!*
*Kilicho tumboni, tumekiona!*

Basi, wapendwa, ngano hii yatufundisha kwamba anayepima damu ya watu asipime amejifungia. Haki ya mafichoni, hata ikiwa kweli, itagunwa. Akitaka kuaminiwa, kwanza na aende kwa mfiwa, na asione haya kusema, hili silijui.

Hadithi yangu imefika ukingoni, nami nina kiu. Iliyo tamu inyweni nyote. Iliyo chungu niachieni nimalize mwenyewe.