Wembe Mmoja, Timu Moja

Hapo zamani, wala si zamani ya sungura kusema, ni zamani ya juzi tu, palikuwa na mwalimu wa chuo cha ualimu, jina lake Nkwabi, kocha wa timu ya chuo. Kombe la mkoa alilitaka mpaka akakosa usingizi, na kila mwaka likampita. Fainali ilipokaribia tena, akaita kamati ya ufundi. Mnaijua kamati ya ufundi: ufundi wake hauna mpira ndani.

Mganga Malugu akaletwa kambini. Akasema, "Wembe mmoja, timu moja. Mkibadilisha wembe, mtagawanyika uwanjani."

Wachezaji wakavua fulana, wakapanga mstari, wakachanjwa kifuani mmoja baada ya mwingine. Kapteni Lutengano akatangulia. Akafuata Gervas, mfungaji. Wa mwisho golikipa Shija, maana ndiye afungaye mlango. Kocha alisimama pembeni, vifungo vya shati mpaka kooni.

Kombe likaja. Baadaye ikaja misiba. Gervas akaondoka, beki akaondoka, winga akaondoka. Shija naye, aliyekwisha kuoa na kupata mtoto, akakonda, akafa. Mkewe Nyamizi akaachiwa ugonjwa uleule, na juu yake jina la malaya. "Wewe ndiye uliyemletea!" Ukoo ukamfukuza, ukabaki na mtoto. Alipojitetea kwamba ni wembe wa kambini, wazee wakamwambia, "Asimame mtu mwenye neno zito aseme ni wembe. Hapo mtoto utampata."

Nyamizi akaenda kwa mganga. "Babu Malugu, sema."

"Nitasema. Mkono uliokata ni huu."

Akaja, akasema. Wazee wakacheka mpaka wakakohoa. "Tangu lini mganga akasema kweli? Huyu kahongwa!"

Nyamizi akaenda kwa kapteni. "Shemeji, wewe ulikuwepo."

Lutengano akamvuta kando. "Nikwambie? Gervas alininong'oneza kambini kwamba kapima damu, kakutwa na virusi. Ningesema, tungecheza bila mfungaji. Nikanyamaza, nikawahi kutangulia."

"Basi kawaambie wazee."

"Shemeji, nampigia kampeni kocha. Akianza yeye, nami nitafuata."

Maana kocha alikuwa amestaafu, sasa anautaka ubunge. Mabango yake yalijaa mji mzima: amekumbatia kombe, wachezaji wamekatwa kwenye picha. Walisahau vidole tu, vimebaki vimeshika kombe bila wenyewe.

Nyamizi akaenda mkutanoni, akasimama mbele ya jukwaa. "Mwalimu, mume wangu alikudakia mipira. Sema neno moja nipate mwanangu."

Nkwabi akashika kipaza sauti. "Mama, pole sana na msiba. Lakini tuelewane. Mimi nilikuwa napuliza filimbi tu. Timu ile ilikuwa ya chuo, haikuwa yangu. Mambo ya wembe waulizeni wachezaji."

"Wako makaburini, mheshimiwa!" akapaza mtu.

Watu wakacheka. Muziki ukafunguliwa. Kura zikapigwa, akashinda.

Akabaki mama mkwe. Nyamizi akamkuta sokoni, akichagua dagaa. "Mama, wewe ndiye uliyemwogesha Shija alipolala. Chale uliziona."

"Niliziona. Na mwenyewe alinieleza."

"Kwa nini basi hukusema?"

"Ulitaka nimlaumu nani? Mwanangu maiti? Mganga anirogee waliobaki? Mwalimu mkubwa, na mimi mjane? Wewe ulikuwa karibu, jikoni kwangu." Akafunga dagaa zake, akaenda.

Mtoto sasa yuko shule. Akimwona mama yake njiani, huvuka upande wa pili. Kafundishwa hivyo. Na Nyamizi siku hizi hatembei bila kushika kuta.

Haya, ninyi wepesi wa kuhukumu. Malugu alikata, lakini ndiye pekee aliyekiri mbele ya wazee. Lutengano alijua, akaokoa kifua chake. Nkwabi aliita, kisha akakana, na hana hata chale moja. Mama mkwe alijua kama wao, akachagua wa kumtupa. Msiniambie "wote", hilo ni jibu la mtu anayetaka kwenda kulala. Nitajieni mmoja, mumtazame usoni mkikutana naye: je, ni nani aliyemnyang'anya Nyamizi mtoto wake?