Vigari Viwili kwenye Machimbo ya Jasi

Kikimbiacho si chako. Kikusikiacho ndicho chako.

Leo mmemsikia Mama Kisaka akimwambia hivyo mpwa wake, yule binti alipokuwa akimsifia mchumba wake mpya. Mkacheka, kisha mkaniuliza kama ile ni methali au ni kijembe. Ni methali, wajukuu zangu, tena si ya kale. Walioianzisha nimekula nao, na chanzo chake ni hiki.

Mrutu alikuwa dereva wa lori. Dada yake mkubwa, Nakundwa, alikuwa mshonaji, na tangu afiwe na mumewe alikuwa hatoki nyumbani ila kwenda dukani na kanisani. Mrutu hakupenda kumwona vile. Siku moja akamwambia, "Dada, tununue vile vigari vya rimoti, vya kupita kwenye vumbi na mawe. Jumamosi tuwe tunakwenda kuvichezesha." Nakundwa alimshangaa, lakini akakubali.

Dukani walimkuta mama mmoja aliyeijua bidhaa yake. Akawauliza, "Mtavichezeshea wapi?"

"Kule tambarare, kwenye machimbo ya jasi yaliyoachwa," akajibu Mrutu.

Yule mama akawaonyesha kigari cha kijani chenye matairi manene. "Basi hiki ndicho chenu. Mwendo wake ni mzito, ila kinapanda jiwe, na ukiachia kidole kinasimama papo hapo. Kile chekundu ni cha uwanja wa wazi. Mbio zake ni nyingi mno. Kikienda mbali rimoti haikipati tena."

Mrutu akacheka. "Mama, mimi naendesha lori na tela lake. Kitoto hiki kitanishinda?"

Akachukua chekundu. Nakundwa akachukua cha kijani. Wakayafunga maboksi nyuma ya pikipiki kwa kamba ya manila, wakaondoka.

Machimboni hapakuwa na mtu. Ardhi ilikuwa nyeupe, imekauka, na katikati yake palikuwa na shimo kubwa ambalo hakuna aliyejua kina chake. Mwanzoni walifurahi. Kigari cha Nakundwa kilipanda jiwe, kikateleza, kikapanda tena, naye akacheka kwa sauti ambayo Mrutu alikuwa hajaisikia kwa muda mrefu. Kile chekundu kilipita kama mshale, kikitimua vumbi.

Kisha kikapita mbali. Mrutu akaachia kidole, hakikusimama. Akakata kona, hakikukata. Kiliendelea hadi karibu na ukingo wa shimo, kikagonga jiwe, kikalala ubavu, magurudumu yakizunguka hewani.

"Kiache," akasema Nakundwa.

"Kiko pale pale tu, dada."

Alikwenda akinyata. Alipoinama kukiokota, ardhi ikaguna. Nakundwa aliusikia mguno ule kabla hajaona kitu. Kisha ufa ukakimbia nyuma ya mdogo wake, kipande chote alichosimamia kikashuka, na Mrutu akabaki amelala kifudifudi juu ya bamba la jasi lililoinamia shimoni. Kigari chekundu kilianguka. Walisubiri kukisikia kikitua. Hawakusikia kitu.

Nakundwa akapiga hatua. Ufa wa pili ukafunguka mbele ya miguu yake.

"Usije!" Mrutu akalia. "Dada, nakuomba, usije! Inatikisika yote!"

Akarudi nyuma, akafungua ile kamba ya manila, akafunga ncha moja kwenye pikipiki, akarusha nyingine. Upepo ukairudisha. Akaifunga kwenye jiwe, akarusha tena, lakini jiwe lilipotua, pande kubwa la ukingo likamomonyoka. Mrutu akapiga ukelele.

Hapo macho ya Nakundwa yakakiangukia kigari cha kijani.

Akaivuta kamba, akaliondoa jiwe, akaifunga nyuma ya kigari. Akaishika rimoti kwa mikono miwili. Kigari kikaenda taratibu, kikikokota kamba. Kilipofika kwenye ufa, tairi la mbele likazama. Nakundwa akaachia kidole. Kikasimama. Akakirudisha nyuma kidogo, akakizungusha, akakipitisha mahali pembamba. Ardhi haikuuhisi uzito wake.

"Mrutu, kinakuja. Usinyooshe mkono mpaka nikwambie."

"Nakisikia," akajibu kwa sauti ndogo, kama mtoto mwenye homa.

Kikafika mbele ya uso wake. "Sasa!" Mrutu akashika kamba, akaipitisha chini ya kwapa, akafunga fundo. Nakundwa akawasha pikipiki, akaisogeza polepole. Kamba ikakaza. Bamba likavunjika na kutoweka, na Mrutu akaning'inia, miguu ikipiga hewa. Gurudumu la nyuma likazunguka patupu. Nakundwa aliomba kwa Kipare, lugha ambayo mama yao aliwaombea nayo. Gurudumu likashika. Akamvuta hadi akapita ule ufa wa pili, akaendelea kumvuta ingawa hatari ilikwisha, kwa kuwa hakuweza kuamini kwamba imekwisha.

Wakakaa chini, wameshikana, weupe kwa vumbi kama maiti. Walikaa hivyo mpaka jua likaanza kuinama.

Watu walipopata habari walimpa Mrutu pole, kisha, binadamu hawana dogo, wakamuuliza kuhusu kile kigari kizuri chekundu: hakuona uchungu kukipoteza? Hata mimi nilimuuliza. Akajishika chini ya kwapa, pale kamba ilipomchuna ngozi.

"Hakikuwa changu," akasema. "Kikimbiacho si chako, kikusikiacho ndicho chako."