Mfuniko wa Sufuria la Harusi

Wapendwa, palikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akimlea mjukuu wake wa kike, yatima, anayesoma shule ya bweni mbali na nyumbani. Siku za wazazi zilikuwa zinapita bibi hajafika, maana miguu ilimsumbua na safari ni ndefu. Safari hii akasema, potelea mbali, naenda. Akachinja jogoo, akapika chapati, akashika njia.

Mnaijua siku ya wazazi. Kila familia imetandika khanga kwenye majani, watoto wanakula kama hawajaona chakula tangu wazaliwe. Bibi anatafuta kivuli, mjukuu wake kamshika mkono, mara anamwona nani? Shoga yake wa zamani, ametulia chini ya mti na mjukuu wake mwenyewe!

Hawa walikuwa chanda na pete. Kila harusi sare moja. Unajua kilichowagombanisha? Mfuniko. Msicheke, nyie! Bibi alimwazimisha shoga yake sufuria kubwa la kupikia pilau ya harusi, sufuria likarudi, mfuniko haukurudi. Bibi akamtangaza mtaa mzima kuwa ni mwizi. Tangu siku hiyo salamu zikafa, hata msibani wakawa wanakaa majamvi tofauti.

Basi bibi akamvuta mjukuu wake. "Twende kule, mama."

"Kule kuna jua, bibi. Sisi huwa tunakaa hapa."

"Sisi na nani?"

"Mimi na bibi huyu. Kila siku ya wazazi ananiita nile. Paja la kuku ananipa mimi, mjukuu wake anampa bawa."

Bibi wa watu akamgeukia shoga yake. Yule shoga akasogea kwenye khanga, akampisha. "Karibu ukae."

"Ulijua ni wangu?"

"Siku ya kwanza tu. Ana sura yako, na kiburi chako. Nilimkaribisha, akaniambia ameshiba, huku anameza mate."

"Sasa mbona hukuniletea hata salamu?"

"Ningekuambia, ungemkataza asile."

Haya, semeni kweli. Asingemkataza? Angemkataza! Na yeye mwenyewe alijua. Akakaa pale kwenye khanga, akalia mbele ya watoto. "Nisamehe, shoga yangu." Akafungua chapati zake, wakala wote wanne.

Naona mama pale nyuma ananiangalia. Unataka kuuliza, mchungaji, mfuniko je? Nani aliuchukua? Nilijua tu! Mtoto yatima amelishwa, marafiki wamepatana, wewe bado unatafuta mfuniko. Wale bibi wawili hawakuutaja tena. Ndio ugonjwa wetu huo, wapendwa. Mungu anatulisha kwa mkono wa mtu, na mtu mwenyewe hatutaki hata kumsalimia.

Humu ndani wapo ambao ibada ikiisha wanapenya mlango wa ubavuni, wasikutane na fulani. Tunawaona! Na huyo fulani, jana tu, alimfunga mwanao kamba za viatu pale kwenye vipindi vya watoto. Ulijua? Hukujua, kwa sababu hakukuambia.

Sasa sikilizeni. Mlango wa ubavuni nimeufunga, ufunguo ninao hapa mfukoni. Leo tunatokea wote mlango mmoja, na mimi nitasimama pale kuangalia nani anampa nani mkono.