Kiboko Alivyolala Stoo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, milango yao na majirani wao wakorofi, aliishi Bi Pimbi na watoto wake kumi na mmoja. Msicheke! Ninyi mko watatu tu kitanda kimoja, na kila siku nasikia mtu kaanguka, puu!

Sasa, pango la Bi Pimbi lilikuwa limebomoka, na masika yalikuwa yanakaribia. Akapatana na Mzee Kiboko: yeye amsiribie kuta za nyumba yake mpya, naye Kiboko ampe chumba kimoja cha kulala mpaka mvua ziishe. Bi Pimbi akasiriba kiangazi kizima. Mikono ikachubuka, kuta zikang'aa.

Wingu la kwanza lilipotanda, Kiboko akamfungulia mlango mwembamba nyuma ya nyumba.

"Karibu chumbani kwako, jirani."

Bi Pimbi akachungulia. Akaona jembe, mitungi miwili na lundo la maboga.

"Mzee wangu, hii si stoo?"

"Stoo? Aka! Mlango kina, kuta kina, paa kina. Kimekosa nini?"

"Nafasi."

"Nafasi iko moyoni, Bi Pimbi," akasema Kiboko, akaenda zake.

Wakabanana humo. Mama akinyoosha mguu, watoto wawili wanatoka nje. Mmoja alilala ndani ya mtungi. Alfajiri, kriii! Mlango ukafunguka, Kiboko akapitisha mkono juu ya vichwa vyao akachukua jembe lake. Hata hodi hakupiga. Na kile chumba kikubwa cha mbele, kilichosiribwa vizuri kuliko vyote, kilikuwa kimelaliwa na matikiti.

Kitindamimba akaanza kukohoa. Hapo roho ya Bi Pimbi ikamuuma kweli, akaenda kumwita Mjumbe wa mtaa.

Mjumbe alikuwa Kobe. Aliitwa asubuhi, akafika alasiri, muhuri kwapani.

"Kwa habari ya vyumba vidogo msinifundishe," akasema. "Mimi nimezaliwa ndani ya kimoja na sijatoka mpaka leo."

Akaingia, akapima kwa miguu, akatoka. "Urefu, hatua nane."

"Nane!" Kiboko akapiga makofi. "Mnataka nini tena?"

"Hatua zangu nane, Mzee, ni chafya yako moja."

Kiboko akafura. "Nyumba ya nani hii? Nikisema ni chumba cha kulala, ni chumba cha kulala! Piga muhuri!"

Kobe hakupenda ugomvi. Akiguswa kidogo tu, kichwa ndani. Akaunyanyua muhuri. Bi Pimbi akauona unashuka, akaona masika yote watakavyoyamaliza wamekunjana na boga kichwani.

"Subiri, Mjumbe wangu!" Sauti akailainisha. "Mimi ni pimbi tu, akili zangu fupi kama miguu yangu. Huenda kosa ni langu, sijui kulala. Bingwa wa usingizi mtaa huu ni Mzee Kiboko. Akikoroma, kuku wanahama banda. Basi atuonyeshe! Akilala humo, nitafunga mdomo wangu, na kila kiangazi nitamsiribia bure."

Bure! Masikio ya Kiboko yakasimama.

"Na asipolala?" Kobe akauliza.

"Basi hiyo ni stoo, nami nipewe chumba cha kulala kama tulivyopatana."

"Nimekubali!" akadakia Kiboko. "Toeni maboga!"

Maboga yakatolewa. Kiboko akainama. Kichwa kikaingia. Mabega yakagoma. Akasukuma, pu! Mabega yakaingia. Akasukuma tena, kwiii! Tumbo likakataa katakata. Mbele haendi, nyuma harudi.

"Mzee Kiboko," akaita Bi Pimbi akiwa karibu na mkia, "umelala?"

Kiboko akajaribu kukunja goti. Halikukunjika.

"Nimelala!" akanguruma. "Tena fofofo!"

"Shhh! Watoto, msipige kelele," akanong'ona Bi Pimbi. "Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Mzee amejipatia chumba chake. Chukueni mikeka, twende kule mbele."

"Ngoja! Ngoja! Sijalala!"

"Maskini, anaweweseka."

"Siweweseki! Niko macho! Mbavu zangu, jamani!"

"Uko macho?" Kobe akauliza, polepole kama kawaida yake. "Kwa hiyo humo hamlaliki?"

Tone la kwanza la mvua likadondoka, to! Likampata Kiboko pale pale palipobaki nje.

"Hamlaliki," akasema kwa sauti ndogo.

"Paza sauti. Muhuri wangu hausikii vizuri."

"Hamlaliki! Ni stoo! Stoo ya maboga!"

Kobe akapiga muhuri, pa! Na kwa kuwa karatasi ilikuwa mbali, akaupiga kwenye kalio la Kiboko.

Watoto kumi na mmoja wakaushika mkia. "Haya, vuta! Vuta!" Pwaa! Akachomoka, akaangukia maboga yake.

Jioni ile matikiti yalihamia stoo. Mvua ikanyesha, na watoto wa Bi Pimbi wakalala wamenyoosha miguu, wote, mpaka kitindamimba akaacha kukohoa.

Asubuhi Kiboko akakumbuka kofia yake iliyobaki chumba cha mbele. Akaunyoosha mkono kwenye mlango, akaurudisha.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi... mwenye nyumba."

"Subiri kidogo, Mzee. Tumelala."

Naye akasubiri, mvua inamnyeshea.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hadithi yangu nayo imelala hapa; msiiamshe.