Kiraka cha Dada Nungu

— Paukwa!
— Pakawa!
— Wa kule nyuma mbona sauti ndogo, hamjala? Paukwa!
— Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipojua kushona, palikuwa na nungunungu mmoja, wakimwita Dada Nungu.

Mwaka huo baridi ilikuwa kali. Na ng'ambo ya mto kulikuwa na ukame. Wageni wakaanza kuvuka. Wengine wakafukuzwa. Mama Ngiri akaona aibu, akaita mkutano.

"Jamani, tushone blanketi kubwa la viraka. Kila mmoja alete kipande cha nguo anayoipenda. Katikati tuandike: HAPA PANA NAFASI YA KILA MTU. Tulitundike kivukoni, mgeni alione, ajue amefika kwa watu."

Dada Nungu alifurahi huyo! Akafungua sanduku lake, akatoa mbeleko aliyobebewa na marehemu mama yake. Nyekundu, imejaa matundu ya miiba yake ya utotoni. Akakata kipande. Roho ilimuuma, lakini alikata. Akakibana kwapani, huyo akaenda.

Hajasema neno, Pimbi akamdaka. "Dada Nungu! Tunataka sindano!"

Akachomoa mwiba, pwii! Akampa Pimbi. Pwii! Akampa Kima. Pwii! Akampa Mama Ngiri.

"Na mimi nikae wapi?"

"Kaa kando kidogo, dada," akasema Kima. "Unajijua ulivyo, usije ukatuchoma."

Hebu ona! Miiba yake wameishika mkononi, yeye mwenyewe wanamwogopa. Wakaanza kuimba:

Choma, vuta! Choma, vuta!
Funga fundo, dada, vuta!

Kesho yake Dada Nungu akaja, kipande kwapani. Kesho kutwa akaja, kipande kwapani. Sindano ikikatika: "Dada Nungu!" Pwii! Ikikatika nyingine: "Dada Nungu!" Pwii! Mpaka mgongo ukaota kipara. Naye aliona haya kusema. Alitamani mtu mmoja tu amuulize: umeshika nini hapo?

Siku ya nane blanketi likaisha, wakalipeleka kivukoni. Na desturi yao ilikuwa hivi: nguo ya wote haitundikwi mpaka wote walioishona waingie chini yake pamoja. Wakaingia, wanasukumana, wanacheka. Dada Nungu akawatazama kidogo. Kisha akageuka, akaanza kwenda zake.

Mara akavuka Digidigi na mkewe, wamechoka, wanatetemeka. Wakasoma maandishi. Mama Ngiri akatoka chini ya blanketi, mkia juu kwa furaha.

"Karibuni, karibuni! Kiraka hiki changu. Hiki cha Kima. Hiki cha Pimbi."

"Na yule anayeondoka, mwenye kipara mgongoni, chake ni kipi?" akauliza Digidigi.

"Yule? Yule ni wa sindano tu. Si unaona ana miiba?"

Digidigi akajipapasa kichwani. "Mke wangu, turudi. Mimi nina vipembe viwili."

Mama Ngiri akatimua mbio, tifu tifu tifu, vumbi nyuma yake.

"Dada Nungu! Dada yangu! Umeshika nini hapo kwapani?"

Dada Nungu akalia. Alilia kwanza, ndipo akakitoa.

Pimbi akafumua pale katikati, kati ya KILA na MTU. Akakiweka kile chekundu, matundu yake yote. Choma, vuta, funga fundo!

"Ingia sasa," akasema Mama Ngiri.

"Nitawachoma."

"Laza miiba, uingie. Ukinichoma nitapiga kelele."

Wakaingia wote, na Digidigi na mkewe. Haikupita punde: "Aaaii!" Ni Mama Ngiri huyo.

"Samahani, dada!"

"Samahani ya nini? Sogea huku, baridi inaingia!"

Blanketi zima likatikisika kwa kicheko.

Basi, wanangu, na nyinyi wakubwa mnaojifanya hamsikilizi: ukipokea msaada wa mtu, mpe na mahali pa kukaa, karibu yako, pamoja na miiba yake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye kuhisi baridi amsogelee mwenziwe.