Godoro la Zamaradi

Sogeeni, sogeeni. Mwenye mto aje nao, ila akikoroma kabla sijamaliza namwamsha kwa teke.

Palikuwa na dada mmoja, Zamaradi, kazi yake kujaribu magodoro kiwandani. Usicheke, ni kazi! Analala chali, anageukia ubavu, anaandika: hili linadidimia, hili linachoma. Siku moja wakamletea godoro jipya, laini kama ukungu. Alipojilaza tu, akajiona anaelea juu ya mashamba ya mkonge, kiatu kimoja mguuni, ndege wanamwamkia, "Shikamoo, dada." Kuzinduka, kifuani pana barua: umefukuzwa, umelala kazini.

"Lakini ndiyo kazi yenyewe!"

Kazi nyingine hakuijua. Na nani amwajiri mtu aliyefukuzwa kwa usingizi? Akaenda ofisi ya mawakili.

Bi Tunu, karani wa ofisi ile, alijaliwa macho. Siku tatu alikesha na muhtasari wa kikao cha nidhamu. Wengine waliuruka mstari huu: "Mtuhumiwa hakujibu neno." Yeye akakwama hapo.

"Mwanangu, kwa nini hukujibu?"

"Kikao kipi, mama?"

Bi Tunu akavua miwani, akatuma watu wakatafute shahidi.

Chande, mshonaji wa kiwandani, alijaliwa masikio. Nyuma ya marobota ya vitambaa aliwasikia mabosi wamekizunguka kitanda cha Zamaradi, wananong'ona: "Taratibu jamani, msimwamshe!" Ana watoto wanne, na kwenye shauri meneja atakuwepo akimkodolea macho. Hata hivyo akaja, akasema. Tangu siku ile, akifumba macho anamwona meneja.

Wakili Nkinda alijaliwa ulimi. Meneja aliapa mbele ya mwamuzi kwamba taratibu zote zilifuatwa. Kunong'ona, akasema, kulikuwa adabu tu. Nkinda akauliza kwa sauti ya kubembeleza mtoto:

"Mlimpa nafasi ya kujitetea?"

"Tulimpa."

"Akasemaje?"

"Alikoroma."

"Mkaelewaje?"

"Tukaona amekiri."

Mwamuzi akajificha nyuma ya faili, mabega yanamtikisika. Zamaradi akarudishwa kazini. Maswali yale Nkinda alikuwa ameyakariri kitandani wiki nzima kabla ya shauri, mpaka mkewe akamhamishia kwenye kochi.

Sasa, kiwandani kuna desturi: godoro la kwanza la kila aina, mjaribu humpa amtakaye. Na lile la ukungu ni moja tu duniani. Aliyechanganya sponji lake kasahau vipimo.

Watatu wale wakafika, macho mekundu.

"Bila macho yangu mngeanzia wapi?" akasema Bi Tunu.

"Na bila masikio yangu, mama, ungebaki na mstari wako."

"Na bila maswali yangu..." Nkinda akapiga mwayo, mengine yakapotelea humo.

Zamaradi akajilaza juu ya godoro ili aamue vizuri. Likanyanyuka. Mkonge ule ule, ndege wale wale. Chini wamesimama watu watatu, mikono juu: "Dada, shukia kwangu!" Godoro linashuka polepole, limebakiza kimo cha mtu mmoja.

Msimwamshe. Ninong'onezeni tu: wewe ungelishushia mikononi mwa nani?